Ngeli za Bastola Ndogo: Sarufi Linganishi ya Kutoboa Makopo

Tatizo la utafiti huu lilizuka Jumamosi moja mashambani Ohio, ndani ya shimo lililochimbwa changarawe zamani, pale shemeji yangu alipoinua kidole na kuuliza kama vitu vile vyote vilivyokuwa mezani vimo katika ngeli moja. Mimi nilikuwa nimeziba masikio, kwa hiyo nilimsikia mara ya tatu. Shemeji alifundisha Kiswahili sekondari huko Tanga miaka ishirini kabla ya kuwafuata watoto wake Marekani. Mtu wa aina hiyo humpeleki mahali penye vitu zaidi ya vitatu ukategemea arudi bila kuvipanga.

Jibu la darasani linajulikana: bastola hii, bastola hizi, I-ZI. Neno tulilipata kwa Wareno pamoja na meza na leso, tukalitia kwenye ngeli ile inayompokea kila mgeni bila kumuuliza atakaa siku ngapi. Lakini juu ya ubao uliolazwa kwenye mapipa mawili mwenyeji wetu alikuwa amepanga bastola saba, na hata asiyejua kitu angeona kwamba hazikuzaliwa tumbo moja. Hapo ndipo lilipo pengo la maarifa. Wataalamu wa silaha wamezipanga kwa urefu wa mtutu, kwa uzito na kwa bei. Upatanisho wa kisarufi wameuacha, nasi tukauokota.

Usampulishaji wetu ulikuwa wa kukusudia, maana yake tulichukua zile ambazo mzee jirani alikuwa nazo. Yeye ni fundi mitambo mstaafu, hana maneno mengi, na Kiswahili hajui hata salamu. Kwa kuzingatia maadili ya utafiti, sampuli yoyote iliyotenda jambo la aibu mbele yetu haitatajwa kwa jina. Itaitwa Mtafitiwa B. (Hakuna Mtafitiwa A. Shemeji anasema kuanzia B kunaleta hisia kwamba kazi ni kubwa.)

Mchezo wenyewe hauna medali. Unapanga makopo ya soda yaliyokwisha kunywewa, unarudi hatua 15, unayapiga. Wamarekani wameupa jina kutokana na mlio wa risasi ikigusa bati, tanakali sauti tupu iliyofanywa kitenzi, na Shemeji akaona aibu kwamba Kiswahili, lugha yenye chubwi na tapwi na tifu, hakina neno. Alipendekeza "kutang'iza". BAKITA wakilitaka, walichukue bure. Masharti aliyatoa mzee, na ndiyo hotuba ndefu aliyoitoa siku ile: mtutu uelekee ukuta wa udongo wakati wote, kidole kisiguse triga mpaka umelenga, miwani na viziba masikio visivuliwe. Kwenye maboksi ya risasi hizi huandikwa onyo kwamba zinaweza kudhuru mtu aliye mbali zaidi ya maili moja. Ndiyo maana tulikuwa shimoni na si kilimani.

Nikiri pia upungufu wa mtafiti. Mafunzo yangu ya awali ya shabaha yalikuwa ya manati: panda la mpera, mpira wa tyubu ya baiskeli, na embe la jirani. Kwetu bastola ni jambo la kibali, kituo cha polisi na kunong'ona. Huku mzee anaibeba kwenye kikapu cha chakula, pembeni mwa mikate.

Sasa risasi, kwa sababu yote yatarudi kwake. Ni ile ya .22, yaani milimita 5.6, nyembamba kuliko penseli. Babu yake ni kitu alichobuni Louis-Nicolas Flobert wa Paris mwaka 1845: fataki iliyobandikwa kipira cha risasi mdomoni, bila baruti yoyote, kwa ajili ya kupigia shabaha sebuleni. Naam, sebuleni, baada ya chakula. Mwaka 1857 Smith & Wesson wakaitengenezea bastola ya mzunguko, na mwaka 1887 kampuni ya Stevens ya Massachusetts ikatoa umbo ambalo hadi leo ndilo linalouzwa kwa ndoo. Kichwa chake cha kawaida kina gramu 2.6.

Katika risasi kubwa fataki hukaa katikati ya kitako cha ganda, kwenye kikombe chake, kama kitovu. Hii ndogo haina kikombe. Dawa ya fataki hutiwa ndani ya ganda ikiwa bado mbichi, ikasambazwa mpaka ijae kwenye ukingo unaozunguka kitako. Pini ya bastola huuponda ukingo huo na dawa inawaka. Lazima basi ukingo uwe laini na mwembamba, upondeke, na ukishapondeka ganda limekwisha kazi, halijazwi tena kama yale makubwa. Hivyo risasi hizi ni rahisi kuunda na bei yake ni ya chini. Hivyo vilevile, mara mojamoja, dawa haiufikii ukingo wote, na risasi inatoka kiwandani ikiwa bubu upande mmoja. Msomaji aliweke hilo akilini.

Tukaanza na ngeli ya A-WA, ya viumbe hai, kwa sababu mzee mwenyewe aliianza. Alichukua Colt Woodsman kwa mikono miwili, akaifuta kwa kitambaa, akaisema kama mtu anavyomsema bibi yake aliyelala chumba cha pili. Ilibuniwa na John Browning, ikatoka mwaka 1915, jina la Woodsman ikapewa 1927, na ikaacha kuundwa 1977. Kwa umbo ni kitu, tena kitu chembamba chenye mpini ulioinama vizuri. Lakini Shemeji alikumbusha kwamba kiboko na kifaru pia wana umbo la KI, na hakuna anayesema kiboko kile kimelala. Kitu kilichorithiwa toka kwa baba, kinachojua kuchoka na kununa, hupatanishwa kama mtu. Mzee aliipiga mara tano, akairudisha kwenye kikapu. Sisi hakutupa.

U-I ndiyo ngeli ya mtutu na mitutu, na humo tuliziweka mbili ambazo mtutu wake umesimama wazi, haufunikwi wala hausogei. Kinachorudi nyuma ni bolti tu. Bastola hizi hulenga vizuri kwa sababu hiyo hiyo: kilengeo na mtutu haviachani. Ya kwanza ni Ruger, ukoo wa Mark, na hapa naomba ruhusa nikae kidogo.

Mwaka 1949 William Ruger na Alexander Sturm, kwa dola 50,000 za huyu wa pili, walianza kazi Southport, Connecticut, wakauza bastola yao kwa dola 37.50. Ruger alikuwa amepata Nambu ya Kijapani mikononi mwa mwanajeshi aliyerudi vitani, akatengeneza mbili za mfano wake gerejini kwake. Mashine ya ndani ikafuata Nambu, sura ya nje ikawakumbusha watu Luger ya Kijerumani. Mpini ukaundwa kwa vibati viwili vilivyokandamizwa mashineni kisha vikachomelewa, jambo lililowachekesha mafundi wa chuma cha kuchonga mpaka walipoona bei. Kwa hiyo unachoshika ni Mjapani aliyevaa koti la Mjerumani na kuandikishwa Connecticut, mkopo juu ya mkopo, na bado imekaa kama mzaliwa. Shemeji alitikisa kichwa kwa heshima: ndivyo lugha inavyokua. Sturm alifariki 1951, na tai aliyekuwa mwekundu kwenye mpini akapakwa rangi nyeusi.

Sifa kubwa ya ukoo huu ni kwamba haugombani na mtu. Ila usiufungue. Hadi mwaka 2016, ulipokuja Mark wa nne, kuirudisha bastola hii baada ya kuisafisha kulidai subira ya fundi saa. Ndani kuna kijiti kinachoning'inia kwenye nyundo, na lazima kiangukie kwenye kikombe cha springi kuu wakati unafunga kipande cha nyuma ya mpini. Hukioni. Unaielekeza juu, unaiinamisha, unavuta triga, unategea sikio, unafunga. Kijiti kikiwa kimekwenda pembeni, kila kitu kitafungika vizuri kabisa, ila ukivuta bolti inarudi nusu ya njia na kugoma. Unaanza upya. Aliyewahi kufundisha kirejeshi hahitaji maelezo: katika "aliyepiga" viungo vyote vinaweza kuwepo mezani, a, li, ye, na piga, ukavipanga ukapata kitu kinachofungika vizuri na kisichosema chochote. Mark wa nne aliweka kitufe kimoja nyuma. Unabonyeza, bastola inakunjuka kama daftari. Ilichukua miaka 67 kukifikia kitufe hicho, na nasikia wapo wazee wanaokichukia, kama wale wanaosikitika kwamba watoto wa siku hizi hawachapwi.

Ya pili humo ni Buck Mark ya Browning, ya mwaka 1985. Jina ni la nembo ya kampuni, kichwa cha paa dume. Kuifungua unahitaji kifunguo cha pembe sita na skrubu mbili za mgongoni, na skrubu zikilegea kilengeo cha nyuma kinalegea nazo. Triga yake ni laini kama ulimi wa dalali. Sina zaidi.

KI-VI, ngeli ya udogo na mara nyingine ya dharau, tuliifungulia Walther P22, Mjerumani wa mwaka 2002, chini ya nusu kilo, kilichofinyangwa kwa mfano wa kaka yake mkubwa P99. Sehemu ya juu inayorudi nyuma ni ya aloi ya zinki, si chuma. Kinakaa vizuri kwenye kiganja kidogo na mtoto wa miaka kumi na mitano angekipenda kuliko zote. Kinataka risasi zenye mwendo mkali. Hilo watengenezaji wenyewe wanalisema.

Kinyume chake ni LI-YA ya ukuzaji, ambamo Model 41 ya Smith & Wesson imekaa peke yake kama jumba la tajiri. Ilitoka 1957 kwa ajili ya mashindano, ina zaidi ya kilo moja, chuma kitupu, buluu iliyong'arishwa mpaka unaona meno yako. Inapenda risasi za mwendo wa kawaida, zile zisizovuka kasi ya sauti, na haipendi kuharakishwa. Shemeji alipoiinua mkono ukaanza kutetemeka akasema, "Hili si la kulengea, shemeji, hili ni la kuolea."

Kisha YA-YA, ngeli ya maji, mafuta na mashaka, vitu ambavyo havihesabiki. Hapo ni TX22 ya Taurus, ya mwaka 2019, mwili wa plastiki, risasi 16 kwenye magazini moja. Kitu cha risasi kumi unazihesabu. Cha risasi kumi na sita unazimwaga. Nilipomaliza magazini ya kwanza sikukumbuka hata nililenga kopo lipi. Taurus ni kampuni ya Brazil, na Shemeji alifurahi kugundua kwamba bastola, baada ya kutufikia kama neno kwa kinywa cha Wareno, ilikuwa imetujia mara ya pili kwa kinywa kilekile.

Ya saba ni ya mzunguko, Single-Six ya Ruger, iliyotoka 1953 wakati televisheni za Marekani zilipoanza kujaa wachunga ng'ombe. Hiyo ni ngeli ya KU pasipo ubishi: kufungua kilango, kuingiza moja, kuzungusha, kuingiza nyingine, kukoki, kupiga, kukoki tena, kisha kuyatoa maganda moja moja kwa kijiti. Yote ni vitendo, na kama nomino zote za KU, haina wingi. Jina lasema sita, lakini zile zilizoundwa kabla ya 1973 hubebwa na tano, tundu la chini ya nyundo likiachwa tupu, kwa sababu pigo kwenye nyundo lingeweza kuifyatua. Ya mzee ni ya zamani. Aliweka tano, akanitazama nione kwamba ni tano.

Ngeli ya mahali, PA-KU-MU, ilibaki bila sampuli, kwa maana sampuli yake haipo popote isipokuwa mahali. Nayo ni Margolin, bastola ya shabaha ya Kisovieti, ambayo wengi wameiona mle kwenye filamu ya Star Wars ya 1977, mkononi mwa Princess Leia, ikiwa imevalishwa mapambo. Aliyeibuni, Mikhail Margolin, alikuwa kipofu. Alitambua kila kipande kwa vidole. Niliposimulia habari hii nilikuwa nimekosa makopo manane mfululizo kwa macho mawili mazima na miwani, na Shemeji aliniomba tuendelee na ngeli nyingine.

Hapa nieleze daftari. Mimi nilipiga, yeye aliandika. Kila baada ya mlio nilitoa taarifa kwa ufupi wa kisayansi: "Imepata." "Imekosa." "Imekosa." Aliandika bila kuinua kichwa.

Mpaka saa sita mchana nadharia ilikuwa imesimama. Kilichoiangusha ni ndoo. Mzee alikuwa na ndoo ya risasi za rejareja, zile za bei ya chini, zinazochotwa kwa mkono kama mahindi, nasi tukaamua kuzilisha bastola zote chakula kimoja, kama inavyotakiwa kwenye jaribio lolote la haki. Single-Six ilikula. Mark ilikula. Mtafitiwa B alikula tatu, akapaliwa. Tulipoinama kutazama, ganda tupu lilikuwa limebanwa kwenye tundu la kutokea, nusu nje nusu ndani, kama konda aliyefungiwa mlango wa daladala.

Sababu yake haina siri. Katika bastola hizi bolti haifungwi na kitu. Inashikwa na uzito wake na springi tu. Risasi ikilipuka, ganda lenyewe ndilo linaloisukuma nyuma, litoke, na jingine liingie. Kwa hiyo mtengenezaji huchagua springi akiwa na nguvu fulani ya risasi kichwani. Ukileta dhaifu, bolti haifiki mwisho. Tena namba za mwendo zilizoandikwa kwenye boksi, futi 1,070 kwa sekunde au 1,235, hupimwa kwa mtutu mrefu wa bunduki. Kwenye mtutu wa kiganja unapata pungufu na hakuna wa kumlalamikia. Ya mzunguko haina shida hiyo kwa sababu inazungushwa na kidole gumba chako, si na mlipuko.

Shemeji alifunga daftari. Nilidhani amekasirika. Kumbe alikuwa anafikiri, na mwalimu wa sarufi akifikiri uso wake huwa vilevile.

"Shemeji," akasema, "tumekosea tangu asubuhi. Ni nini kinachotawala upatanisho katika sentensi?"

"Nomino."

"Na hapa nani anamtawala mwenzake?"

Nikatazama ndoo.

"Basi bastola si nomino," akasema. "Bastola ni kivumishi."

Sijawahi kuona uainishaji wa saa tatu ukibomoka kwa heshima kiasi hicho. Kwa maana vivumishi vya Kiswahili ni vya aina mbili. Kuna vile vya asili vinavyodai kiambishi: mtu mzuri, kitu kizuri, maneno mazuri, usipompa kiambishi chake hakubali kutoka mlangoni. Na kuna vile vya kukopa, safi, bora, rahisi, ghali, vinavyosimama na kila nomino bila kubadilika: mtu safi, kitu safi, maneno safi. Mark na ya mzunguko ni za aina ya "safi". P22 ni "-zuri", na kiambishi chake ni risasi ya mwendo mkali. Buck Mark ilimeza ndoo bila neno, ikaenda kwa "safi". TX22 nayo vilevile, kwa ukelele zaidi. Kuhusu Model 41 tulivutana. Mimi niliiweka kwa "-zuri" kwa sababu inachagua; yeye akasema ni "ghali", ambacho ni kivumishi cha kukopa, na kwamba mimi nachanganya sarufi na tabia. Suala hilo halijafungwa. Woodsman hatukuijaribu kwa ndoo. Mzee aliona mkono wangu ukielekea kikapuni, akakivuta karibu na mguu wake.

Ikabaki risasi bubu. Ilimtokea Shemeji, akiwa na Single-Six: alivuta triga, nyundo ikagonga, kimya. Mzee aliinua kiganja. Hakuna kusogea, mtutu kwenye udongo, hesabu mpaka thelathini, maana wakati mwingine dawa huchelewa. Shemeji akahesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, kwa lafudhi ya kuita mahudhurio darasani, na mzee akawa anatikisa kichwa kwa kila namba kana kwamba ameielewa. Kwenye thelathini akaitoa ile risasi, akaniwekea kiganjani. Ilikuwa na joto la kidole tu. Kwenye ukingo wa kitako palikuwa na kovu dogo la mraba, kama alama ya kucha kwenye sabuni. Mzee akaichukua, akaizungusha nusu duara, kovu likaenda upande wa pili, akairudisha kwenye tundu, akampa. Safari hii ikalia, na kopo la katikati likaruka.

"Unaona?" Shemeji akanigeukia. "Haikuwa bubu. Iliulizwa upande usiojua."

Jua lilipoanza kulala mzee alianza kufunga vitu. Aliuliza, kwa Kiingereza chake cha maneno manne, ipi tumeiona bora. Tulimwonyesha daftari: kurasa kumi na moja za viambishi. Akazigeuza moja baada ya nyingine, akarudi kwenye ya kwanza, akatazama orodha ndefu ya matokeo yangu, yale ya kila mlio, kisha akanirudishia Mark na magazini moja ya risasi kumi. Kopo moja lilikuwa limebaki limesimama, la maharage, kubwa kuliko yote.

Nikapanga miguu. Nikavuta pumzi, nikaitoa nusu. Kopo lilikaa juu ya kilengeo kimya kabisa, nikabana triga polepole kama nilivyofundishwa. Vumbi likaruka kwenye udongo, shubiri moja kushoto.

"Imekosa," nikasema.

Shemeji alikuwa ameshika kalamu, lakini hakuandika. Alishuka kutoka kwenye jiwe alilokalia, akaja mpaka begani kwangu, akainua mkono na kupiga silabi hewani, moja moja, kama alivyowapigia watoto wa kidato cha kwanza.

"Ni," akasema. "Me. Ko. Sa."